Msimamizi Mkuu wa Siku Tano

Kwa majonzi makubwa, na kwa niaba yangu mwenyewe, nautangazia umma wa Kariakoo, Ilala, Gerezani na vitongoji vyake kwamba mimi, Abdulswamad Ismail, Msimamizi Mkuu wa Vyumba Saba, nimesalitiwa. Mamlaka yangu yalifutwa siku ya Ijumaa, saa nane mchana, bila notisi, bila hotuba ya shukrani, bila hata soda.

Kwa kuwa umma utaambiwa na wengine, ni afadhali niseme mwenyewe: cheo hicho nilikishika kwa siku tano, ofisi yangu ilikuwa ndoo ya rangi iliyogeuzwa chini juu, na nina miaka kumi na sita.

Nilikuja Dar likizo ya Juni kutoka shule ya bweni, Morogoro, nikafikia kwa Shangazi Siwema, dada yake baba. Shangazi analala Ilala lakini anaishi Kariakoo, kama walivyo watu wengi wa kazi yake. Ni fundi cherehani. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu ya jengo moja la Mtaa wa Sikukuu, ghorofa yenye korido moja ndefu na vyumba saba, na vyote saba ni vya mafundi. Shangazi yuko chumba cha nne, anashona magauni ya harusi na ya kina mama. Mwisho wa korido, chumba cha saba, yuko Fundi Angela, mama wa Songea, anayesifika kwa suti za wanaume, ingawa na magauni anashona. Kati ya chumba cha nne na cha saba hakuna hatua kumi na mbili, ila wakati nilipofika ilikuwa safari ya mbali, kwa sababu mteja mmoja wa Angela alikuwa amehamishia nguo za binti yake kwa Shangazi, na tangu siku hiyo wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa nyusi.

Sasa, kitu ambacho mtu asiye fundi hakijui ni kwamba mali ya fundi si cherehani. Cherehani inanunuliwa. Mali ya fundi ni vipimo. Mteja akishapimwa mara moja, mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, anakuwa wako, maana akienda kwingine itabidi avue koti na kuanza upya mbele ya mgeni. Na kwa kina mama, vipimo ni siri kubwa kuliko umri. Shangazi alikuwa na daftari lake la kaunta, jeusi, alilokuwa akilifungia kwenye droo pamoja na mkasi mkubwa, na ufunguo alikuwa akiufunga kwenye ncha ya mtandio. Mafundi wote saba walikuwa hivyo. Daftari la mwenzio huliombi hata kwa kuangalia tarehe.

Aliyewashawishi kuachana na madaftari ni Ramadhan. Huyu ni kijana wa mtaani kwetu Ilala, ana miaka ishirini na tano, amesomea kompyuta chuoni, na ana meza yake kwenye karakana moja ya Gerezani wanakofufua kompyuta zilizokufa. Shangazi amemlisha tangu akiwa na kamasi. Kwa miezi saba, baada ya kazi, Ramadhan alikuwa akiwatengenezea mafundi mfumo wa kuhifadhi vipimo kwenye simu. Mimi namwita kaka Rama, na kabla ya Ijumaa hiyo iliyonijeruhi nilikuwa nikimwona kama mtu anayestahili sanamu.

Alinieleza mfumo wake siku ya kwanza tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Hakuanza na maneno makubwa, ingawa shuleni tumeyafundishwa na nilikuwa nimejiandaa kuyatikisia kichwa. Alianza na nyumba ya kupanga. Ilala, alisema, unaijua nyumba yenye vyumba sita: bati moja, ukumbi mmoja, luku moja ya umeme, lakini kila mpangaji na kufuli lake. Basi ndivyo alivyofanya. Kanzidata ni moja, inakaa kwenye kompyuta moja, ila ndani yake kuna wapangaji saba. Fundi akifungua simu yake anajikuta chumbani kwake, na vyumba vingine sita kwake ni ukuta mtupu. Ruhusa nazo ni za aina mbili. Iko ruhusa ya chumba, inayofanya kazi hapo tu ulipopewa, ukitoka mlangoni imekufa. Na iko ruhusa ya nyumba nzima, inayopita kila kufuli. Ya pili hiyo alikuwa nayo mtu mmoja, yeye, kwa jina la msimamizi, na hata yeye alikuwa akiiogopa. Mafundi walikubali kuweka siri zao kwake kwa neno moja tu alilowaapia: hakuna atakayeingia kwako.

Nilimwambia mfumo huo ni mzuri. Akaniuliza kama naweza kuchapa.

Ndivyo nilivyoingia serikalini. Wiki ya kwanza nilipewa ruhusa ya chumba cha nne tu: kuandika na kusahihisha. Shangazi alinifungulia daftari jeusi kwa sherehe kidogo, akanikalisha kwenye ndoo chini ya magauni yaliyoning'inia, nikahamisha wateja mia mbili na tisa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusinzia, isipokuwa maelezo ya pembeni. Mafundi huandika mambo pembeni ya vipimo. "Bega la kushoto limeshuka." "Usimpime mbele ya mdogo wake." "Amenenepa, usimwambie, ongeza tu." Nilisoma na kuandika kila kitu kama kilivyo, nikampa Shangazi chumba kisafi, na sifa zangu zikasambaa kwenye korido.

Tatizo likaanzia kwenye hizo sifa. Mafundi wengine nao wakataka kijana wa shule awahamishie madaftari yao. Kila chumba kilihitaji kufunguliwa mtumiaji mpya, na ruhusa yake, na neno lake la siri, na Ramadhan alikuwa amebanwa. Jumatatu ya wiki ya tatu, saa tano asubuhi, wauza vitambaa wa ghorofa za chini, watu thelathini na mmoja, walikuwa wamekubali kumsikiliza. Wakiupenda mfumo, angeacha karakana na kuwa mtu wa kazi yake. Alitaka siku hiyo vyumba vyote saba viwe vimejaa, vya kuonyesha.

Kwa hiyo Jumapili alinipigia, akanipa neno la siri la msimamizi. Lake mwenyewe. Alisema ni njia ya mkato na haipendi, na kwamba Ijumaa angelibadilisha. Nyuma ya sauti yake nikasikia nyundo ikigonga chuma huko karakana.

"Mdogo wangu," akasema, "hiyo ni nyumba nzima. Usiingie usikotumwa."

Nikamjibu kwa sauti ya kiranja mkuu kwamba asiwe na wasiwasi.

Nilitumwa chumba cha kwanza, cha pili, cha tano na cha sita. Chumba cha tatu kilikuwa na binti wa fundi anayejua kuchapa. Chumba cha saba sikutumwa kabisa. Angela alikuwa ameshahamisha daftari lake mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa kidole kimoja, akisema hawezi kumpa vipimo vyake mtoto wa ndugu yake Siwema.

Jumatatu na Jumanne nilikuwa mtumishi mwema wa umma, ukiacha jambo dogo la kubadilisha salamu ya chumba cha pili ikawa inamkaribisha Fundi Mbaruku kwa jina la Mheshimiwa. Mwenyewe alipenda, akawa anawaonyesha wateja. Jumatano baada ya chakula cha mchana kazi iliniishia mapema. Mtu mwenye ufunguo wa nyumba nzima na hana kazi ni mtu anayetembea ukumbini akigusa milango. Nilijiambia kuangalia si kushika. Nikafungua chumba cha saba.

Angela alikuwa na wateja tisini na sita, wamepangwa kwa alfabeti. Wa nne alikuwa Aristides.

Hapa lazima niwaeleze. Aristides wako wachache duniani, na mmoja wao ndiye mwalimu wetu wa nidhamu. Anatufundisha fizikia, na katika muda wake wa ziada anatunyoa. Muhula uliopita niliutangazia umma wa shule kwa kipaza sauti kwamba uji wa asubuhi umefutwa kwa heshima ya mgeni rasmi, na wanafunzi mia nne wakaenda madarasani na njaa. Mwalimu Aristides hakunichapa. Alichukua mashine, akaninyoa mstari mmoja tu katikati, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, akaniacha nao siku mbili ili, alivyosema, kila mtu aweze kunifuatilia kama barabara. Kidato cha kwanza walikuwa wakinipigia honi.

Pembeni ya vipimo vyake Angela alikuwa ameandika: "Mwalimu, Morogoro. Suti ya sendofu ya mpwa wake, Jumamosi. Anatembea kama anahesabu." Ni yeye.

Sikufikiri. Nataka umma uelewe hilo, ingawa najua halinisaidii. Niliifupisha suruali yake na kukiongeza kiuno, nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kununua maandazi. Jambo lote lilichukua muda wa kusoma sentensi hii.

Nilikuwa na mpango wa kurekebisha. Naapa nilikuwa nao. Nilipanga nimcheke moyoni siku mbili, halafu Ijumaa, kabla ya kukabidhi ofisi, nirudishe suruali ya watu kwenye urefu wake. Lakini Ijumaa saa nane nilipojaribu kuingia nilikuta maneno mawili: Huna ruhusa. Ramadhan alikuwa amebadilisha neno la siri mapema, akiwa Gerezani, bila kunipigia. Baadaye alituma ujumbe wa asante wenye kidole gumba. Mtu aliyehamisha madaftari matano kwa siku kumi na mbili, kidole gumba.

Hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilijiona kama waziri anayesikia kufukuzwa kwake redioni. Niliamua kwamba kama suruali itatoka fupi, mwenye lawama ni aliyenizuia kuirefusha. Wazo la kutembea zile hatua kumi na mbili na kumwambia Angela kwa mdomo kwamba kipimo kile si chake, lilinijia mara moja tu, nikalipa kisogo. Kusema ukweli hakukuhitaji ruhusa ya mfumo wowote. Na hata hivyo, nilikuja kujua baadaye, kitambaa kilikuwa kimeshakatwa Alhamisi.

Kilichotokea Jumamosi nilikisikia vipandevipande. Kariakoo suti ya sherehe haimalizwi siku tatu kabla ya sherehe. Inamalizwa mteja akiwa mlangoni amevaa ndala. Mwalimu Aristides aliichukua saa kumi alasiri ikiwa bado ina joto la pasi, akaivalia ukumbini, kwenye sherehe ya kumuaga mpwa wake, na hapakuwa na muda wa kupima tena. Ilipofika zamu yake ya kutoa neno la familia, alisimama mbele ya watu mia mbili na suruali iliyoishia juu ya soksi, mkono mmoja umeshika kipaza sauti, mwingine umeshika kiuno. Kila alipotaka kuonyesha kwa mkono jinsi mpwa wake alivyokuwa mdogo, alilazimika kuchagua. Mtu alimpiga picha za video. Mpaka Jumapili zilikuwa zimefika Bukoba na kurudi.

Nilipaswa kucheka. Shangazi alionyeshwa video hiyo na mteja, akaitazama mpaka mwisho, akamrudishia simu. Kisha akasema, akiwa kama anaiambia cherehani, kwamba Angela hajawahi kukosea suruali tangu wafahamiane.

Jumatatu Ramadhan alifika asubuhi na mapema, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Aliniita kwenye ngazi. Angela alikuwa amempigia simu Jumapili nzima: yeye alimpima mwalimu kwa mkono wake, akaandika urefu arobaini na moja, na sasa chumbani kwake pameandikwa kitu kingine. Ramadhan akaangalia kumbukumbu za mfumo. Badiliko lilifanyika Jumatano, saa tisa na dakika kumi, na aliyelifanya aliandikwa msimamizi. Jumatano saa tisa na dakika kumi yeye alikuwa Gerezani, chini ya meza, ameshika waya kwa meno.

"Swamadu," akasema, "sikulaumu. Nataka kujua tu ili nijue la kuwaambia. Ulifungua chumba cha saba?"

Alikuwa ananitazama usoni. Chini mtaani wapagazi walikuwa wakipigana mluzi kupishana, na mimi nilikuwa nimeshika birika la chai la Shangazi.

"Sikufungua, kaka Rama."

Aliniamini. Hilo ndilo lililonishangaza, kwamba hakuna kilichobadilika usoni mwake isipokuwa uchovu. Alisema basi mfumo una tundu mahali, mtu wa nje ameingia, na yeye miezi saba hajaliona. Akalisugua shati lake kifuani kwa kiganja kama anataka kunyoosha mikunjo, akapanda juu.

Mafundi walikusanyika chumba cha nne kwa sababu ndicho kikubwa. Wa chumba cha kwanza na cha pili walikosa nafasi wakabaki mlangoni. Mimi nilikuwa nagawa vikombe nilipozisikia hatua kwenye korido, hatua za mtu anayehesabu. Nikaweka sinia chini, nikaingia nyuma ya magauni yaliyoning'inia, kwenye ndoo yangu. Mwalimu Aristides akaingia na mfuko wa plastiki wenye suti. Nilimwona kupitia shela. Shangazi akamwamkia, akampa kiti, na yeye akaketi na kuweka mfuko magotini kama mtu aliyeleta kielelezo mahakamani.

Hakupiga kelele. Alieleza, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba mama yake mzazi ana miaka themanini na moja, na kwamba juzi alikuja kumuuliza kama ameishiwa, kama kuna jambo anawaficha, maana hajawahi kumwona amevaa nguo ya kuazima. Kwamba yeye amezoea kuchekwa na wanafunzi, hiyo ni kazi yake. Lakini mama yake alilia.

Nyuma ya shela nilitazama vidole vya miguu yangu.

Angela akasimama. Alisema yeye hana la kujitetea isipokuwa mkono wake. Kama daftari lingekuwa kwenye droo, asingeingiliwa. Aliambiwa kuna kufuli, akaamini, na sasa anataka kujua kufuli hilo lilifunguliwa kwa faida ya nani. Akamgeukia Shangazi. Alisema hataki kumsingizia mtu, lakini kijana wa kompyuta anakula sahani ya nani kila siku saa saba? Na binti wa yule mteja aliyehama mwezi uliopita, vipimo vyake vilifikaje chumba cha nne, maana alishonewa gauni bila kupimwa?

"Alipimwa," Shangazi akasema. "Hapo ulipo. Mimi siibi mteja, Angela, wala sijawahi."

"Basi aliyeingia kwangu ni jini?"

Fundi Mbaruku akasema tuheshimiane. Mwingine akasema tuheshimiane vipi na hata yeye sasa hajui nani amesoma wateja wake. Wakaanza wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia watu wazima wakiumia namna ile kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa akikumbuka mteja aliyekawia kurudi, na kumtazama jirani. Miaka yote walikuwa wakiazimana uzi na bitana na pasi, na sasa kila mmoja alikuwa amefunga mikono kifuani kama yuko kituo cha polisi.

Ramadhan akainua mkono. Alisema Siwema hajui neno la siri la msimamizi na hajawahi kuliona. Neno hilo ni lake yeye. Kilichofanyika kimefanyika kwa jina lake, na kwa hiyo, awe ameingia nani, kosa ni lake. Aliwaapia kwamba hakuna atakayeingia, na mtu ameingia.

Nilikuwa nasubiri aseme. Nilijua sentensi inayofuata, kwa kuwa ningekuwa mimi ningeisema ya kwanza: kwamba wiki ile neno hilo alikuwa nalo kijana mmoja aliyeko nyuma ya magauni. Hakuisema. Aliniuliza, nikamjibu, na kwake ilikuwa imekwisha. Asingemtupia mtoto wa nyumba hii shaka ambayo ingemwangukia Shangazi. Alikaa hapo na shati lake la mikunjo akilibeba lote peke yake. Nikagundua kwamba tangu Ijumaa nilikuwa nikilitumia neno usaliti kama mtu anayevaa viatu vya baba yake.

Angela akasema yeye anataka chumba chake kifutwe. Sasa hivi, mbele ya macho yake. Atarudi kwenye daftari. Wa chumba cha sita akasema na changu. Mbaruku akasita, akatazama kwenye simu salamu yake ya Mheshimiwa, akasema basi, na changu. Saa ilikuwa nne na nusu. Ghorofa ya chini wauza vitambaa walikuwa wameshaanza kupanga viti, na kila mmoja wetu alijua kwamba kabla ya saa tano habari zingekuwa zimewafikia.

Ramadhan akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia. Hakubishana. Aliuliza tu aanze na chumba kipi.

"Cha saba," Angela akasema.

"Kabla hujakifuta," Mwalimu Aristides akasema, "naomba nione nilivyoandikwa."

Ramadhan akamgeuzia kompyuta. Mwalimu akavaa miwani, akainama. Alisoma kwa muda mrefu kuliko kinachoweza kusomwa. Kisha akamuuliza Angela kama mafundi hupima kwa inchi au kwa kitu kingine. Inchi, Angela akasema, tangu bibi yake. Na sehemu za inchi? Robo, nusu, robo tatu, na mara chache sana nusu robo, kama bibi harusi ni msumbufu.

"Hapa imeandikwa urefu thelathini na nane nukta sita. Kiuno, thelathini na tisa nukta tatu."

Angela akasema ndiyo, hata mkataji wake, Shukuru, alikuja kumuuliza nukta sita ni nini, naye akiwa na pini mdomoni akamjibu weka nusu, ni mambo ya simu. Mbaruku akacheka kidogo bila kupenda. Alichukua tepu shingoni mwake akaitazama, akasema yeye anashona mwaka wa ishirini na nane na hajawahi kuiona nukta sita humu ndani. Hakuna fundi wa korido hii, wala wa Kariakoo yote, anayeweza kuandika hivyo. Hata akitaka kuiba.

"Fundi hawezi," Mwalimu akasema. Alivua miwani. "Mimi ninawafundisha vijana wangu kwamba kipimo cha kweli hakiishii kwenye namba nzima. Wasome mpaka desimali moja. Nawakata alama wasipoandika." Akatazama chumba kizima, mashine, pasi, sinia la vikombe lililoachwa sakafuni. "Mama Siwema, samahani. Nani alikuwa akiwagawia hii chai?"

Shangazi alinyanyuka, akaja mpaka kwenye magauni, na kwa mkono uleule unaofunga ufunguo kwenye mtandio akayasogeza pembeni, moja baada ya jingine, taratibu, asiyakunje. Aliponifikia alisimama. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa alichokwisha kukata akagundua kimekatwa ubavu mbaya.

Nikasimama. Nilisema shikamoo Mwalimu, na hakuna aliyeitikia.

Ramadhan alikuwa bado ameweka mkono juu ya kompyuta. Hakuwa amekasirika, au kama alikasirika sikuona; alionekana kama mtu anayesoma ujumbe mara ya pili kuhakikisha ameuelewa.

"Nilikuuliza pale kwenye ngazi," akasema.

"Uliniuliza."

"Mara moja. Sikukuuliza mara mbili."

Nilikuwa na hotuba. Nina hotuba kwa kila jambo, ni ugonjwa, na hii ilikuwa na uji ndani yake, na mstari wa katikati ya kichwa, na kidole gumba. Nilifungua mdomo na haikutoka.

"Nilifungua," nikasema. "Jumatano, saa tisa. Kaka Rama alinipa neno lake nimalizie madaftari, akanikataza nisiingie nisikotumwa, nikaingia. Nikabadilisha suruali ya Mwalimu. Fundi Angela hakukosea, Shangazi hajui chochote, na mfumo hauna tundu. Leo asubuhi aliniuliza nikamdanganya."

Angela akakaa. Mwalimu akautazama mfuko magotini. Ramadhan alifunga kompyuta bila kufuta kitu, akageuka mlangoni, ambako fundi wa chumba cha kwanza alikuwa amenyoosha shingo akiuliza kijana kasema nini, huku nyuma hatujasikia, na nyuma yake ngazini tayari walikuwa wamesimama wauza vitambaa wawili watatu waliopanda kuona kelele ni za nini.

"Sema tena," Ramadhan akaniambia. "Kwa sauti. Wa mlangoni hawajasikia."

Nikapanda juu ya ndoo ili wanione, nikasema tena, kuanzia mwanzo.